Kisu Nilichokiweka Chini

Kila asubuhi, kabla sijaongea na mtu, nachagua kisu. Wenzangu wanachagua kanga, wanachagua viatu. Mimi nafungua kopo la maziwa ya unga, natia mkono, naangalia leo naondoka na nani. Ninavyo kumi na kimoja. Vingine vya kukunja, vingine vya ala, vyote vidogo vya kuenea kiganjani, vyote vimefuliwa na mkono wa mtu. Hivi vya dukani vyenye mpini wa plastiki, vinavyopinda vikikutana na ndimu ngumu, sivitaki hata uniongezee na sukari. Nikishachagua nakifunga kwenye pindo la kanga, hapa kiunoni upande wa kushoto, natoka. Siku nikitoka bila kisu natembea nusu nusu, kama mtu aliyesahau meno nyumbani.

Majirani hapa Isevya, Tabora, wameshanizoea. Wageni ndio wanaouliza, tena kwa sauti ile ya kumsemesha mtoto mgonjwa: "Biiibi, kisu cha nini tena? Unamwogopa nani?" Simwogopi mtu. Kisu changu si cha watu, ni cha vitu. Kamba ya gunia imekaza, nani anaikata? Mtoto kachomwa na mwiba, nani anautoa? Muwa, chungwa, uzi uliobaki kwenye gauni la mtu anayejidai kavaa jipya? Huyo huyo anayeniuliza kisu cha nini, saa nne namwona anahangaika na pakiti ya maziwa, anaing'ata pembeni kama fisi. Ananiangalia. Na mimi namwangalia. "Bibi, samahani, kile kisu chako..." Ahaa.

Kuna harusi nilialikwa, ukumbini kule Kanyenye. Wakaleta mbuzi mzima wa kuchoma, kasimamishwa mezani, mdomoni kawekewa majani kama bado ana njaa. Mshereheshaji akashika kipaza sauti, koo likafunguka: "Mabibi na mabwaaana! Sasa tunakwenda kushuhudia tukio la kihistoriaaa!" Historia yenyewe ni bwana harusi kukata nyama. Wakampa kisu kirefu kimefungwa riboni, kinang'aa mpaka unajiona kovu la utotoni. Akakata. Hakikukata. Bibi harusi akamshika mkono wasaidiane, mbuzi akaanza kusogea, anataka kutoka ukumbini. Mpiga picha hana habari: "Tabasamuni, tabasamuni!" Nikainuka, nikafungua pindo, nikaenda pale mbele, nikautoa mguu wa yule mbuzi kwa mikato mitatu. "Jamani, bibi kaja na silaha!" Ukumbi ukacheka. Walicheka wote, na wote wakala.

Vimenijia kila kimoja kwa njia yake. Kipo kidogo cha kuvunia, alinipa mama mmoja wa Kirundi wa Ulyankulu, Mkatoliki wa kupiga ishara ya msalaba hata kabla ya kukata kitunguu. Kipo cha mrina asali, bado kinanuka moshi. Na kipo kijambia nilichopewa na mzee mmoja wa Kiarabu mwenye duka Kanyenye, tulibadilishana na uyoga mkavu. Mzee yule akiongea anafumba macho kama anaonja halua: "Wallahi bibi, kijambia hiki babu yangu katoka nacho Maskati, kavuka nacho bahari, kapita nacho njia yote ya misafara mpaka hapa Unyanyembe." Nikakigeuza. Chini ya mpini kuna vidonda vitatu vya nyundo, vimepangwa. Nikamwambia, mzee wangu, alama hii naijua, ni ya mhunzi wa huku huku nyuma ya reli. Akafumbua jicho moja. "Basi bibi," akasema, "alikwenda nacho Maskati, akarudi nacho."

Sasa kuna jambo mlijue, maana bila hilo hamtaelewa yaliyonipata. Kwetu kisu hakipitishwi mkono kwa mkono. Ukinipa kisu mkononi, kesho tunagombana, kesho kutwa hatusalimiani. Kisu kinawekwa chini, mwenye kukitaka anakiokota mwenyewe. Na kuna namna mbili za kukiweka. Ukikiweka kikiwa wazi, umeazimisha tu, mtu akate shughuli yake akurudishie. Ukikiweka kimekunjwa, au kiko ndani ya ala, umetoa. Anayekiokota ndiye mwenyewe, na hakuna kurudi kulia.

Katika vyote kumi na kimoja, kimoja ndicho kilichonianzishia mambo haya. Ni cha kukunja, mpini wa pembe ya ng'ombe, chuma chake cha springi ya lori. Pale kinapokunjikia pameshikwa na kipande cha msumari wa reli. Msiniulize msumari ulipatikanaje, mwenye habari hiyo tulishamzika.

Nilikuwa msichana, nauza michembe stesheni ya Kigwa. Kwa asiyeijua, michembe ni viazi vitamu: unavikata vipande vyembamba, unavianika mpaka vinakuwa vigumu kama vigae, siku ya kula unavichemsha na karanga. Kazi yote iko kwenye kukata. Mimi nilikuwa nakatia kipande cha msumeno wa chuma nilichokifunga tambara, kinakata kiazi kidogo na mimi sana. Kulikuwa na kibarua mmoja wa genge la reli, mtu wa maneno machache, na hayo machache anayatanguliza na kikohozi, kama treni inavyopiga honi kabla ya kuingia. Ananunua, anakohoa, anaondoka. Siku moja akaja, akainama, akaweka kisu chini mbele ya sinia langu. Kimekunjwa. Akasema maneno yasiyojaa kijiko, na treni ikaingia.

Mnafikiri niliokota? Nilimwacha amesimama. Niliuza behewa la kwanza mpaka la mwisho, kisu kiko chini, yeye yuko pale pale kama nguzo ya simu. Treni ilipoondoka nikarudi, nikainama, nikaokota. "Nimeokota," nikamwambia. Hiyo ndiyo ndoa yetu. Wazee na posa na sherehe vilikuja baadaye kukamilisha tu. Pete hakuwahi kuninunulia, na mimi sikuwahi kuidai, maana pete haikati kitu.

Mimi naigiza kila mtu, mmeshasikia. Mwenyekiti wa mtaa akinisalimia narudisha salamu kwa sauti yake mwenyewe, anakasirika, tunacheka. Lakini marehemu, tangu tumzike, sauti yake sijawahi kuitoa. Binti yangu aliwahi kuniomba, nikamwambia siiwezi. Naiweza. Niliogopa nikiitoa itaisha.

Haya, sasa tuje kwenye yaliyonipata, na yalianzia kwenye kidole.

Kitambulisho changu kilipotea, nikaambiwa niende ofisi moja hapa mjini, sitaitaja, nikapige alama za vidole upya. Siku hiyo nilichagua kisu cha marehemu. Jambo la serikali, nikaona niende na mtu mzima.

Getini kasimama mlinzi, kijana wa makamo, sare imepigwa pasi mpaka inakata. Mkononi ana kile kifimbo cheusi cha kutafuta chuma.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba."

Akanipitishia kifimbo. Mabegani kimya. Kiunoni: tii, tii, tii!

"Bibi, umebeba nini hapo?"

"Kiuno."

"Kiuno hakilii, bibi."

"Changu kimezeeka."

Foleni ikacheka. Yeye hakucheka, alibana midomo kama mtu aliyeficha pipi. Nikafungua pindo, nikamwonyesha. Akabadilisha sauti, ikawa ya tangazo la stesheni: "Silaha ya aina yoyote hairuhusiwi kuingia ofisini. Itaachwa getini na mwenyewe ataichukua atakapotoka." Akanyoosha mkono.

"Mkononi sikupi," nikamwambia. "Kwetu hapana."

"Basi weka chini, bibi."

Nikaona, naam, kijana ana adabu. Nikakifungua, maana najua sheria, nikiweke wazi, kieleweke ni cha kuazima. Ile nakifungua tu akaruka nyuma hatua tatu. "Aa-aa-aa bibi! Kisu wazi mbele ya geti la ofisi? Hapo nakuandikia ripoti! Kunja kwanza!" Na foleni nyuma yangu nayo imechoka: "Bibi, harakisha, jua hili!" Nikachanganyikiwa. Nikakunja. Nikainama nilivyoweza, nikakiweka juu ya saruji, kimekunjwa, nikaingia ndani kama kuku aliyejipeleka jikoni.

Ndani kuna binti wa mashine, kaletwa kutoka Dar, kucha ndefu, anaongea kama anakimbizwa: "Bibi yangu mzuri, weka kidole hapa. Bonyeza. Bonyeza tena. Daah. Badilisha, weka hiki. Bonyeza. Daah! Bibi, mbona mashine inazingua? Huna alama!"

"Alama gani, mwanangu?"

"Za vidole. Yaani vimelala, kama umevipiga pasi."

Nikamweleza, miaka yote hii nimekata viazi, kiazi kinashikwa mkono huu, kisu kinasukumwa na dole gumba hili, vidole vimelika kama sabuni. Akanihurumia sana. "Sasa bibi yangu, fanya hivi. Nenda kapumzishe vidole. Usishike kisu siku mbili tatu, ngozi ijirudie, halafu uje tena." Nikamwangalia. Serikali inanitaka, lakini inanitaka kabla sijafanya kazi.

Nikatoka. Mlinzi yuko pale pale.

"Kisu changu, baba."

"Kipi, bibi?"

Nikamsalimia Kinyamwezi, nimpime. "Mwangaluka."

"Mbukwa," akajibu, na pipi yake yote ikatoka, meno nje.

Moyo ukashuka mpaka kwenye ndala. Mbukwa ni salamu ya Kigogo. Mlinzi alikuwa mtani wangu.

Utani wa Wanyamwezi na Wagogo ni wa enzi za misafara. Babu zetu walibeba pembe vichwani kutoka huku mpaka pwani, na katikati ya njia iko nchi ya Wagogo, kavu, na maji ni ya wenyewe. Hupiti mpaka utoe hongo, ndivyo ule ushuru wa njia ulivyoitwa. Wakagombana mpaka wakachoka, wakaona afadhali wataniane. Sasa mtani akikutukana, unacheka. Mtani akichukua kitu chako, unakikomboa kwa atakachotaka yeye, au unakisahau. Ila ukikasirika umeshindwa, na utasimuliwa mpaka siku ya msiba wako, tena atakayesimulia ni yeye.

"Bibi," akaniambia, na sasa ile sauti ya tangazo imekwenda, imebaki ya mtu aliyeshiba, "uliweka chini?"

"Niliweka."

"Kimekunjwa?"

"Wewe ndiye uliyenikunjisha!"

"Mimi nilisema kunja. Sikusema toa. Mimi nimezaliwa hapa hapa Tabora, mila zenu nazijua kuliko mnavyozijua nyie. Kimewekwa chini, kimekunjwa, nimeokota. Asante kwa zawadi, bibi, nilikuwa sina kisu."

"Babu zako waliwatoza babu zangu maji, na wewe unatoza visu getini!"

"Na babu zako walikuwa walipaji wazuri sana. Usiwaaibishe."

Nikacheka, ilibidi. Nilicheka mpaka kona ya barabara, nikakata kona, kicheko kikaishia hapo. Asubuhi yake nikafungua kopo, nikatia mkono, vidole vikavipita vyote kumi vikawa bado vinatafuta. Binti yangu akapiga simu kutoka Dar, nikamweleza. Yeye simu anaiongelea kwa mbali kama inauma: "Maama! Si una vingine kumi? Hata kopo lenyewe halitajua!" Halafu akasema atanitumia kingine kizuri, cha dukani, kina mfuko wake. Nikamwambia simu inakata.

Binti wa mashine alisema siku tatu. Mimi siku ya pili nilikuwa getini. Sikufuata kidole. Nilijifunga kitenge kipya, nikajitwika sufuria, kwapani mkeka, na kutoka mbali, foleni yote isikie, nikaita: "Mume wanguuu!"

Watu wakageuka. Mlinzi akaangalia nyuma yake, akakuta ukuta.

"Wewe wewe! Mume wangu, mbona hukurudi nyumbani?" Nikatandika mkeka chini ya dirisha la getini, nikaketi. "Jamani watu wa foleni, mimi nimeolewa. Kijana huyu kaokota kisu cha mwanamke kilichowekwa chini kimekunjwa. Kwetu hiyo ni ndoa, niulizeni mimi, ndivyo nilivyoolewa mara ya kwanza. Nimekuja na vyombo. Chumba chetu kipi?"

Mama mmoja akapiga kigelegele. Mzee mwenye bahasha akauliza kama mahari imeshatoka. Nikajua nimemweza, sasa hivi atakitoa mwenyewe kwa aibu. Mlinzi akavua kofia, akaja mpaka kwenye mkeka, akachuchumaa.

"Karibu mke wangu. Nimekungoja tangu jana. Ila nimeona sufuria, sijaona chakula. Umemjia mume na chombo kitupu?"

Nikakunja mkeka wangu.

Siku ya tatu nikaleta chakula, huku kama jana yake nikiwaigizia foleni sauti ya mlinzi, ya binti wa mashine, mpaka tii-tii ya kifimbo. Michembe na karanga, kwenye bakuli lenye mfuniko, inanukia foleni nzima, wengi ni wale wale wa jana walioambiwa njoo kesho, inameza mate. Ila ile michembe ya juu niliipika nusu. Kuna pahala pale ndani ya kiazi panabaki kama kigae, jino likifika hapo linajuta. Nikasema ale, taya limshike, aombe msamaha kwa mdomo uliojaa.

Akafunua, akatia mmoja mdomoni. Kra. Akafunga macho. Foleni inangoja. Akautoa, akautazama, akasema taratibu, "Mke wangu, hiki si chakula, hiki ni tofali." Halafu akatia mkono mfukoni mwa sare, akatoa kisu cha marehemu, akakifungua, akaanza kuukata ule mchembe juu ya kiganja.

Ndipo nikaona. Chuma kilikuwa na ukoko wa chungwa. Alikuwa amekatia machungwa, akakikunja na maji yake, akatia mfukoni. Pembeni ya makali pameota doa la kutu, dogo, la rangi ya chai.

Marehemu alikifuta kila jioni. Alikuwa na kitambaa chake na tone la mafuta ya alizeti, anafuta, anakohoa, ananirudishia chini pale penye mkeka. Na alipoondoka nikaendelea kukifuta mimi. Miaka yote hiyo kutu haijawahi kukikaribia.

Nilitafuta utani, sikuuona. Nikasema tu, "Kifute. Kikilowa kinafutwa."

Sauti ile sikuijua. Haikuwa ya mtu yeyote ninayemwigiza. Mlinzi akaacha kutafuna. Akanitazama, halafu akakifuta kwenye suruali yake ile iliyopigwa pasi, upande huu, akageuza, upande huu.

"Bibi," akasema, "hiki ulipewa na nani?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Aliyekuwa mume wangu kabla yako."

Kwenye foleni mmoja akacheka, wenzake wakamnyamazisha. Mlinzi hakucheka. Akawa anakikunja, anakikunjua.

"Bibi, mimi mtani wako. Siwezi kukurudishia bure, nitachekwa na ukoo wote mpaka Dodoma. Lazima nikutoze. Lakini hapa siku mbili umeniigiza mimi, umemwigiza binti wa mashine, mpaka kifimbo changu umekiigiza. Niigizie na yeye. Siku anakupa."

"Omba kingine."

"Sitaki kingine."

"Nikupe kijambia. Kimetoka Maskati."

"Sitaki."

"Kimekwenda na kurudi!"

"Bibi, nimeshataja."

Nilitaka kukasirika na sikuweza, hata ingekuwa si utani. Alichotoza alikuwa na haki nacho. Nikatazama chini kwenye saruji, pale nilipokiweka siku ile kama mjinga. Watu wa foleni wamesogea, yule mzee kakunja bahasha. Nikaona nijaribu kikohozi tu. Kikohozi peke yake hakiwezi kuisha.

"Khm."

Kilitoka kama kilivyokuwa, na ule mkwaruzo mwishoni. Kikavuta vingine.

"Khm. Hicho... Nimeona unakata kwa taabu. Ukikiokota, chako. Na aliyekileta... naye hivyo hivyo. Khm. Treni hiyo."

Basi. Ndiyo yote, aliyosema yalikuwa hayo tu. Lakini yalitoka yote, na kile kigugumizi cha kwenye "aliyekileta", na namna alivyoigeukia treni kwa haraka kama imemwokoa. Haikuisha, jamani. Miaka yote niliogopa itaisha, kumbe ilikuwa imekaa tu, imeshiba, inangoja kuitwa.

Mlinzi akakifuta kisu mara nyingine, akakikunja. Akainama, akakiweka kwenye saruji mbele ya miguu yangu, akarudi nyuma hatua moja, akasimama wima kama inapigwa ngoma ya bendera.

Nikainama kuokota. Magoti yakakataa. Nikajaribu tena, yakakataa mbele za watu. Akafanya haraka kutaka kukiokota anisaidie.

"Usiguse!" nikamkemea. "Ukiniokotea umekichukua tena, na ukinipa mkononi tutagombana."

Nikaketi chini pale pale getini, miguu nimenyoosha, kama nina sinia mbele yangu. Nikaokota.

"Nimeokota," nikasema.

Mama wa kigelegele akapiga chake. Mlinzi akanishika kwapani kuninyanyua, akagumia. "Mke wangu, mbona mzito hivi?"

"Mtalaka wako. Nimeokota mwenyewe, ndoa imekwisha. Nyanyua."

Binti wa mashine alikuwa ametoka nje kuangalia kelele, kapangusa macho na kucha zile, wanja umekwenda pembeni. "Bibi yangu mzuri, njoo ndani tujaribu tena, leo nimekumbuka kuna kidole hatukukigusa." Nikapiga hatua kuingia. Mlinzi akakohoa, chake mwenyewe, cha kazini.

"Bibi. Samahani. Kisu hakiingii."

Foleni ikaguna. Mimi nikamtazama, yeye akatazama angani. Nikakifungua. Safari hii hakuruka nyuma. Nikaketi tena chini, taratibu, nikakiweka juu ya saruji, kikiwa wazi, makali yamelala upande wa ukuta. Akaninyanyua tena. Nikaingia.

Kidole ambacho hatukukigusa ni kile kidogo cha mwisho, mkono wa kushoto. Hicho tangu nizaliwe hakijawahi kushika kisu, wakati wenzake wanakata chenyewe kinanyooka pembeni kama kimealikwa chai. Mashine ikakipenda mara moja. "Yees! Bibi, huyu hapa!" Nina vidole tisa vilivyofanya kazi maisha yote, na serikali inanijua kwa yule mvivu.

Nilipotoka, foleni ilikuwa imepinda. Watu wanakizunguka kisu kama wanazunguka nyoka, na mlinzi kasimama juu yake na kifimbo, anawaongoza: "Pita huku mama. Mzee, angalia mguu." Kofia yake kaiweka juu ya mpini, jua lisiupasue.

"Hujaokota?" nikamwuliza.

"Kiko wazi, bibi. Ni cha kuazima, na mimi sina kiazi cha kukata."

Nikakaa, nikaokota, nikakipangusa kwa ncha ya kanga, nikakikunja, nikakifunga kwenye pindo upande wa kushoto. Akaninyanyua mara ya tatu. Nikampa mkono wa kwaheri, na kile kifimbo chake, alikisahau tu kiko mkononi, kikanipita kiunoni. Tii, tii, tii! Watu wa foleni wakageuka wote.

"Kiuno hicho," akawaambia. "Kimezeeka. Mpisheni."